Mwanasarakasi wa Mezani

Siku ya kustaafu, Bwana Ollerenshaw
aliniachia meza, kiti chenye gurudumu bovu,
na mwanasarakasi wa bati, urefu wa kidole,
aliyeshika ufito uliopinda, gololi za chuma nchani,
mguu mmoja juu ya msumari.
"Msukume," akasema, "kila ukichoshwa na mafaili."

Nikamsukuma. Alibembea dakika mbili na sekunde kumi.
Nilipima kwa saa ya ukutani,
ile inayochelewa tangu baridi ya Novemba iishike Sheffield.
Dakika mbili na sekunde kumi, kisha anatetema,
kisha anasimama
kama karani aliyesahau alichofuata stoo.

Nikasema: mji huu ulipikwa kwa chuma,
hauwezi kukosa sumaku.
Jumamosi nikashuka sokoni
kwa Bi Parveen, muuza vitasa na bisibisi,
nikanunua nne kwa pauni moja na nusu,
zimeng'ang'aniana kama ndugu kwenye mirathi.

Moja nikaiweka chini yake.
Akaijia mbio, nikafurahi.
Akafika, akakataa kuondoka.
Nikaisogeza kando: akaja upesi, akarudi kwa shida.
Ilichompa akija, ilikidai akiondoka,
senti kwa senti, bila hata hela ya soda.
Nikagandisha nyingine kwenye gololi zenyewe
na chini nikatandika kibao cha shaba, kwa urembo tu.
Zikapita juu ya shaba kama zinapita ndani ya uji.
Sekunde arobaini. Kimya.
Mkono mtupu haulambwi,
na sumaku, kumbe, ni mkono mtupu
wenye kucha.

Nikampigia simu mwenye mali.
Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Umempa wa kumvuta, hujampa wa kumsukuma.
Na asisukumwe muda wote. Asukumwe anapopita,
kidogo, halafu umwache.
Mimi ninacho kimoja hapa, chini ya mtulinga,
tangu Machi ya mwaka jana.
Moyo ukikawia, kinaugusa.
Usipokawia, kinakaa na adabu zake."

Basi: waya mwembamba, mizunguko mia nane
juu ya kigurudumu cha uzi wa kushonea
(nilipoteza hesabu kwenye mia tatu, nikaanza upya),
transista niliyoing'oa redio mbovu ya mwanangu Mbwana,
betri moja, sumaku ndogo chini ya gololi.
Sumaku ikipita, waya unasikia hodi,
unafungua, unaisukuma mgongoni, unafunga.
Mara mbili nilikosea upande, badala ya kusukuma ukamkamata.
Mara ya tatu nikageuza ncha,
nikaenda kuchemsha chai, nikarudi: yumo.
Nikapanda tramu, nikalala, nikarudi asubuhi: yumo,
anabembea juu ya faini za maegesho
kama mtu asiyedaiwa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Ukiona vyabembea, inua kibao, chungulia.

Alikuja Aprili, bila taarifa.
Hakuikaribia meza. Sumaku amekatazwa,
isipungue shubiri toka kifuani, na yeye
ni mtu wa kuongeza shubiri nyingine kumi.
Akasimama mlangoni, kofia mkononi,
mgeni katika chumba alichokaa miaka ishirini na sita.
Tukamtazama yule bati akienda, akirudi,
mimi huku, yeye kule.

"Betri inadumu muda gani?"
"Miezi mitano, sita. Na yako?"
"Wamesema miaka kumi.
Walisema pia mvua itakatika saa sita."

Dirishani maji yalikuwa bado yanateremka.

Alipoondoka nikampindua mwanasarakasi,
nikaandika chini ya kibao, kwa kalamu ya wino,
tarehe niliyotia betri.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo,
neno moja ambalo mkaguzi wa samani hatalielewa:
Machi.